Picha Ikishabandikwa Ukutani: Kukosoa na Kukosolewa Katika Darasa la Sanaa

Kazi zimebandikwa ukutani kwa safu, nyingine rangi haijakauka. Mwalimu anarudi nyuma hatua mbili na kuuliza, "Haya, nani anaanza?" Darasa zima linatazama sakafu. Baada ya muda mmoja anajitosa: "Mimi naona iko vizuri. Amejitahidi." Wa pili naye anaona iko vizuri. Wa tatu, ambaye juzi alikorofishana na mwenye picha kwa jambo lingine kabisa, anasema haina mvuto. Mwenye picha anakunja uso, mwalimu anasema "tuendelee", na kazi inayofuata inapewa maneno yaleyale.

Aliyewahi kusoma sanaa, iwe chuoni au kwenye darasa la jioni la watu wazima, anakijua kipindi hiki. Kimewekwa kwenye ratiba kwa sababu ya msingi. Ukishaikalia picha siku kadhaa mfululizo, macho yanazoea kasoro zake na hayazioni tena, wakati mwenzako anayeingia sasa hivi anaziona kabla hajavuta kiti. Hata hivyo wengi hutoka kwenye kipindi hicho na sifa zisizowasaidia kitu, au na kidonda. Na tunakuwa wepesi wa kutafuta wa kulaumiwa: huyu ana roho mbaya, yule ana moyo mwepesi. Kwa maoni yangu tatizo kubwa liko kwingine. Watu wanaanza kukosoa kabla hawajakubaliana kazi iliyo mbele yao inapimwa kwa kipimo gani.

Kipimo kinatoka wapi

Somo la hesabu lina jibu mwishoni mwa kitabu. Karakana nayo ina kielelezo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alijikusanyia ndugu na jamaa wachache waliojifunza kwa kukaa kando yake, kutazama na kuiga. Alifariki mwaka 1972, na mtindo ukaendelea mikononi mwa waliofundishwa kwa njia hiyo. Mahali kama hapo ukosoaji hauzui ubishi mkubwa, kwa kuwa wote wanajua picha inatakiwa ionekaneje, mstari uweje na rangi ijaeje, na mteja yuko mlangoni. Mkubwa akisema, "Shingo ya huyo twiga fupi, rudia," unarudia. Mchonga vinyago wa Kimakonde anayemfundisha mwanawe anaweza hata asiseme neno: anachukua patasi, anaonyesha, anairudisha.

Darasa la sanaa halina jibu mwishoni mwa kitabu wala kielelezo cha pamoja. Mwalimu anasema, "Leteni kazi zenu wenyewe," na siku ya kubandika mmoja ameleta sura ya bibi yake kwa penseli, mwingine ameleta madoa ya rangi matupu, wa tatu ameshonea vipande vya gunia na kitenge juu ya turubai. Ukiwapima wote kwa kufanana na kitu halisi, wa kwanza atashinda kila wiki na wa pili ataonekana anachezea rangi za watu. Ukiwapima kwa upya wa wazo, wa kwanza atahesabiwa hajafanya kitu. Kwa hiyo kipimo kinatafutwa upya kwa kila kazi, mbele ya watu, ndani ya dakika chache. Hapo ndipo kipindi kinapokuwa kigumu hata kwa wenye nia njema.

Ugumu huo hupungua sana darasa likitenganisha zoezi na kazi binafsi. Zoezi lina lengo lililotangazwa: chora chungu kwa mkaa, mwanga utoke kushoto, muda saa moja. Hapo kukosoa kunaweza kuwa kukavu. Mdomo wa chungu ukionekana kana kwamba tunautazama kutoka juu, na kitako kikiwa kimenyooka kana kwamba tuko usawa nacho, umekosea, na mwenzako anakutendea haki akikwambia hivyo. Kivuli kikianguka upande uleule mwanga unakotoka, umekosea tena. Anayelijibu kosa la zoezi kwa kusema "huo ndio mtindo wangu" anajinyima somo alilolipia. Kazi binafsi ina habari nyingine. Lengo lake limo kichwani mwa aliyeitengeneza, na pengine hata yeye bado halijamkaa sawasawa. Swali la kwanza linakuwa: kazi hii inajaribu kufanya nini? Likishapata jibu, hata la kubahatisha, ndipo mtu anaweza kusema imefika wapi na imekwamia wapi.

Mtazame Sam Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma sanaa Makerere, na miaka ya 1950 akaenda kusoma katika shule ya Slade, London, ambako kuchora mwili wa mtu kwa vipimo na vivuli kulikuwa msingi wa mafunzo. Baada ya kuyapitia yote hayo aliendelea kuchora maisha ya Wachagga kwa njia yake: watu wadogo wadogo, migomba iliyojipanga, vilima vinavyopanda juu kwenye turubai badala ya kurudi nyuma kwa umbali, nyuso zisizo na maelezo mengi. Wapo walioona huo ni uchoraji wa mtu asiyefundishwa. Mhakiki mwenye kanuni ya kitabuni mkononi angeandika orodha ndefu ya makosa: hakuna kina, hakuna vivuli, watu wa mbali wanakaribia kulingana na wa karibu.

Sasa uliza picha hizo zinajaribu kufanya nini. Zinahusu shughuli za watu wengi kwa pamoja, kulima, kuvuna, kusindikizana. Ukimkuza mtu mmoja mbele na kuwafifisha wengine nyuma, kama kanuni ya umbali inavyotaka, umebadili habari yenyewe. Shughuli ya kijiji inageuka kisa cha mtu mmoja. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Sisemi kuwa jumba hilo ndilo hakimu wa mwisho wa kazi ya Mchagga. Lakini ile orodha ndefu ya makosa, ingawa kila kipengele chake kinaweza kuthibitishwa kwa rula, isingemsaidia Ntiro hata kidogo, maana ilikuwa inapima kitu ambacho hakukiendea.

Walioamua kutokosoa

Wapo walimu waliouona mtego huu mapema wakachagua kunyamaza. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alihofia kwamba kanuni za Ulaya zingewaharibia wanafunzi wake jicho lao. Alipenda kuwasimulia tukio kwa maneno ili kila mmoja alione kichwani mwake kwanza, ndipo alichore. Kusini mwa Kongo, katika mji ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946 na kwenda mbali zaidi: hakutaka wachoraji wake wafundishwe sanaa ya Ulaya kabisa. Matunda ya karakana hiyo hayapingiki. Bela alipaka rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga alijenga picha nzima kwa vistari vifupi vinavyofumana, Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki wake, na kila mmoja unamtambua bila kusoma sahihi.

Upande wa pili ulikuja Makerere na Cecil Todd, aliyeshika uongozi baada ya Trowell kuondoka mwaka 1958. Yeye aliingiza nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia na nidhamu ya mazoezi, kwa imani kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki anastahili kujua kila kinachojulikana na wachoraji wengine. Ubishi kati ya njia hizi mbili unaendelea hadi leo katika vyumba vya walimu, mara nyingi bila wabishi kujua wanarudia maneno ya nani.

Ninawaelewa walionyamaza, lakini siwezi kuwafuata. Mwalimu asiyekosoa bado anachagua. Anachagua kazi ya kuning'iniza ofisini na ya kupelekwa kwenye maonyesho (kazi za wanafunzi wa Trowell zilionyeshwa London mwaka 1939), na kuna ile ambayo hupita mbele yake bila kusimama. Wanafunzi wanaona yote hayo. Wasipoambiwa sababu, wanabaki kukisia mwalimu anapenda nini, na baada ya muhula mmoja darasa zima linachora kwa kumlenga yeye. Huo pia ni ukosoaji, na ni ule usiojibika, kwa kuwa haukusemwa.

Picha moja kwa karibu

Tuseme mwanafunzi amechora soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi wakati wa mnada. Ni rangi ya akriliki kwenye karatasi nzito, ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Kushoto omo, yaani sehemu ya mbele, ya mashua ya bluu imeingia ndani ya picha. Katikati amesimama mama mwenye ndoo ya plastiki ya njano. Nyuma yake wanunuzi kama kumi wamelizunguka fungu la samaki, na juu ya wote anga bluu.

Maoni ya kwanza darasani huwa kama haya: rangi zimekaa vibaya, mimi ningeweka machweo, huyo mama hafanani na mtu. La kwanza halionyeshi mahali. La pili linachora picha nyingine, ya msemaji. La tatu linaweza kuwa kweli, lakini mwenye picha halijui la kulifanyia.

Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliupangia uhakiki hatua nne zinazofundishwa sehemu nyingi: eleza kilichopo, changanua kinavyohusiana, fasiri, kisha toa hukumu. Kwa maandishi zinaonekana za kitoto. Zijaribu kwenye picha ya Feri. Mmoja anaeleza: "Naona mashua ya bluu. Naona anga, bluu ileile. Naona ndoo ya njano, na hakuna njano nyingine popote." Mwingine anachanganua: kwa kuwa bluu ya mashua na ya anga zina uzito mmoja, omo inapotelea angani, hatujui inaishia wapi, wanunuzi wote wametazama kulia, kwa hiyo jicho linasukumwa nje ya karatasi, lakini ndoo inalirudisha katikati kila mara. Wa tatu anafasiri: "Mimi naona hii ni picha ya huyu mama. Yuko peke yake katikati ya kelele, mnada haumhusu."

Mwenye picha anashtuka. Yeye alikusudia mnada. Mama alimweka kujaza nafasi iliyobaki wazi, na njano aliitumia kwa sababu ndoo ya Feri aliyoiona ilikuwa ya njano. Hakuna aliyesema picha ni nzuri au mbaya, na tayari amepata kitu ambacho asingekipata peke yake nyumbani: macho ya wengine yanakwenda kwa mama. Ana njia mbili. Aipoze ile njano kwa kuichanganya na kahawia kidogo ili mnada upumue, au auache mnada uwe kelele za nyuma na amfuate mama. Mimi ningemshauri ya pili, lakini angalau sasa kuna jambo la kuchagua. Bluu ya omo itarekebishwa kwa vyovyote vile, maana hiyo haitegemei picha inahusu nini.

Hukumu ndiyo hatua ya nne, na ukizipitia tatu za mwanzo kwa uaminifu, mara nyingi unaikuta haina kazi tena.

Liz Lerman, Mmarekani anayetunga dansi za jukwaani, aliunda utaratibu mwingine mwaka 1990 ambao umeenea hadi kwenye madarasa ya uchoraji. Watazamaji wanaanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha mwenye kazi anauliza maswali yake. Halafu watazamaji wanauliza, kwa sharti kwamba swali lisibebe maoni ndani yake. Mwisho, anayetaka kutoa maoni anaomba ruhusa kwanza: "Nina maoni kuhusu anga, ungependa kuyasikia?" Mwenye kazi anaweza kukataa.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoithamini zaidi. "Kwa nini umeifanya anga nzito hivyo?" ni lawama iliyovaa alama ya kuulizia. "Anga uliipa kazi gani kwenye picha hii?" ni swali. Kulitunga la pili kunamlazimisha muulizaji aitazame picha upya, na baadhi ya maoni makali hufia hapohapo, kwa sababu aliyekuwa nayo amegundua hakuwa ameangalia vizuri. Kwa zoezi la chungu utaratibu huu ni mrefu mno. Kwa kazi iliyomchukua mtu mwezi mzima unafaa kabisa.

Umri, adabu na mafumbo

Taratibu hizi zimetungwa mahali ambapo mwanafunzi humwita mwalimu wake kwa jina la kwanza. Kwetu kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kukaa darasa moja na mama wa miaka hamsini, na asubuhi hiyo alipoingia alimwamkia shikamoo. Saa moja baadaye anaambiwa amkosoe mbele ya watu. Atasema "imependeza, mama" na kuketi. Ukimlazimisha, atasema kwa fumbo: "Hii picha ina mambo mengi." Nusu ya darasa inacheka, na mama hajui mambo hayo ni yapi. Fumbo lina heshima yake barazani na kwenye kanga. Mbele ya picha linashindwa, kwa kuwa mchoraji anahitaji kuonyeshwa sentimita tano za karatasi, na fumbo linaishi kwa kutoonyesha mahali.

Sioni sababu ya kuivunja adabu hiyo ili kukosoa kuwezekane. Itumike. "Mama, samahani, naomba kuuliza kuhusu huu mkono wa kushoto. Kidole gumba nakiona upande wa nje, ndivyo ulivyokusudia?" Sentensi hiyo ina heshima yote anayostahili mtu mzima na ina anwani kamili: mkono wa kushoto, kidole gumba, upande wa nje. Mama anaweza kwenda nacho nyumbani. Upande wa pili, mtu mzima naye awape vijana idhini mapema kwa kusema wazi: "Wanangu, leo nataka mnionyeshe panaponishinda." Mwenye umri akilisema hilo darasa linalegea, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kulisema.

Mwalimu anasaidia zaidi akitanguliza kazi yake mwenyewe ukutani mwanzoni mwa muhula, iliyokwama kwelikweli na si ile aliyoimaliza mwaka juzi, kisha akasikiliza bila kujitetea. Wanafunzi watajifunza kupokea kwa kumtazama, na hilo halifundishiki kwa maelezo.

Aliyesimama kando ya picha yake

Kupokea ni ustadi unaojitegemea, na ni nadra kuufundisha. Jambo la kwanza ni kunyamaza. Ukianza kueleza ("hapo nilitaka kuonyesha...") watazamaji wanaacha kuitazama picha, wanakusikiliza wewe, na unapoteza kile ulichokijia. Kwenye maonyesho hutakuwa umesimama kando ya kila mtazamaji. Kaa kimya, andika. Afadhali zaidi mwombe mwenzako akuandikie, kwa sababu moyo ukidunda, masikio huchagua: yatashika neno moja la kuumiza na kuyaacha mazuri manne, au kinyume chake.

Pale usipoelewa, uliza mahali. "Haina mvuto" ijibiwe kwa upole: "Jicho lako lilichoka ukiwa sehemu gani?" Ni ajabu jinsi swali hilo linavyowageuza hata waliokuja na hasira zao, maana sasa wana kazi ya kufanya.

Kisha tenganisha ugonjwa na dawa. Watatu wanaweza kuisema kona ileile ya juu kulia: mmoja anataka uiongezee mti, wa pili uikate, wa tatu uifanye nyeusi. Dawa zinapingana na huenda zote hazifai. Lakini watatu wamejikwaa mahali pamoja, na hilo ni jambo la kuaminiwa kuliko shauri la yeyote kati yao. Kona ina shida. Tiba utaitafuta mwenyewe, pengine hata haiko kwenye kona, iko kwenye ule mkono unaoielekezea jicho bila sababu. Anayetii kila dawa huishia na picha iliyochorwa na kamati.

Na usiiguse kazi siku hiyo. Rangi inayopakwa kwa hasira au kwa aibu huwa nyingi kuliko inavyohitajika. Rudi baada ya kulala, soma maandishi, utakuta baadhi hayana uzito tena na moja au mawili bado yanakukereketa. Anza na hayo.

Maneno yanapomlenga mtu badala ya kazi

Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo 607 ya majaribio kuhusu kumpa mtu mrejesho juu ya kazi yake. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo ulipunguza ufanisi, yaani watu wangefanya vizuri zaidi kama wangeachwa. Maelezo yao ni kwamba kadiri mrejesho unavyovuta mawazo ya mtu kwenye nafsi yake badala ya kazi, ndivyo unavyopoteza nguvu. Hili linahusu sifa pia. "Wewe una kipaji" inamtoa mtu kwenye picha na kumrudisha kwake mwenyewe, na safari ijayo ataogopa kujaribu kitu kitakachokitia doa kipaji hicho. "Huu mstari wa bega unanifanya nihisi uzito wa ndoo" inambakiza kazini.

Alama nazo zina sumu yake. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti kuhusu wanafunzi wa shule nchini Israel: waliopewa maoni ya maandishi peke yake waliongeza ufanisi na hamu ya kazi, ilhali kwa waliopewa alama pamoja na maoni, faida ya maoni ilipotea. Mwalimu yeyote aliyeandika aya nzima chini ya mchoro na kuona mwanafunzi anasoma "58" na kufunga daftari analijua hili. Mitihani ya taifa hatuwezi kuifuta, ila tunaweza kuchelewesha alama: maoni leo, marekebisho wiki ijayo, namba baada ya hapo.

Liko suala la brashi ya mwalimu. Wengi wamezoea kuketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kuchukua brashi na kurekebisha jicho au mkono moja kwa moja. Karakana imejengwa juu ya desturi hiyo na huko inafaa. Kwenye kazi binafsi ninaipinga kwa nguvu zote. Lile jicho moja lililopakwa na mwalimu litang'aa kuliko picha yote, na mwanafunzi atatumia muhula mzima kujaribu kulifikia badala ya kutazama. Kama lazima mkono uonyeshe, tandaza nailoni angavu juu ya kazi ukachore hapo, au tumia pembezoni mwa karatasi nyingine. Nailoni ikiondolewa picha inabaki ya mwenyewe.

Vikundi vya WhatsApp vimeongeza ugumu wa namna yake. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya umeme hubadilika rangi, turubai ya mita nzima inakuwa ukubwa wa kiganja, na majibu ni vidole gumba na miale ya moto. Ukituma kazi huko, tuma na swali moja mahususi, na upige sehemu unayoiuliza kwa karibu.

Kikwazo kikubwa shuleni kwetu ni idadi. Ukiwa na wanafunzi sitini na kipindi cha dakika themanini, kila kazi ina dakika moja na sekunde ishirini, na hakuna utaratibu wa Lerman wala wa Feldman utakaoingia humo. Wagawe watano watano. Kila kundi lichukue kazi mbili tu kwa kipindi, dakika kumi na tano kila moja, tano za mwanzo zikiwa za kueleza kinachoonekana bila neno "nzuri" wala "mbaya", na mmoja awe mwandishi. Mwalimu azunguke akisikiliza, asijibu. Dakika zinazobaki asome mbele ya wote maoni mawili matatu yaliyoonyesha mahali barabara, bila kutaja kazi ni ya nani, ili darasa lisikie yanavyosikika. Kwa mwendo huo kazi ya kila mwanafunzi itafikiwa ndani ya vipindi vitatu. Kipindi cha nne walete kazi zilezile, zikiwa zimerekebishwa au zimeachwa kwa makusudi, na kila mmoja aandike nyuma ya karatasi ni maoni gani aliyafuata, ni yapi aliyaacha, na kwa nini.